Hata Aliyekosa Kazi Anastahili Jibu

Jumamosi moja mwezi uliopita, nilipokuwa nikipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yangu viungani mwa mji wa Kakamega, nilisikia hodi. Mgeni alikuwa kijana niliyemfunza Kiswahili tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, mwerevu wa kupigiwa mfano, ambaye baadaye alijipatia shahada katika chuo kikuu kimojawapo cha humu nchini. Alikuwa amevalia suti ya kijivu na tai, lakini suti yenyewe ilikuwa imekunjamana, na macho yake yalikuwa mekundu mithili ya mtu aliyekesha matangani. Alikuwa ameshuka kwenye basi la usiku kutoka Nairobi alfajiri hiyo, akaona heri apitie kwangu kabla ya kwenda kumkabili mamake.

Kisa chake ni hiki. Shirika moja lisilo la kiserikali, lenye ofisi zake katika mtaa mmoja wa kifahari jijini, lilitangaza nafasi ya afisa wa mradi wa elimu. Kijana akaomba. Mwezi mmoja baadaye aliitwa kufanya mtihani wa kuandika. Alipofaulu, aliitwa tena mbele ya jopo la watu 5. Alifaulu huko pia, akaitwa mara ya tatu kuonana na mkurugenzi mwenyewe, ambaye alimpa mkono na kumwambia kwa tabasamu, "Tutawasiliana." Kila safari ilikuwa na nauli yake ya kwenda na kurudi, chakula chake, na kitu kidogo cha kumpa binamu aliyemlaza Kawangware. Jumla ya safari hizo tatu ilikaribia shilingi 10,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na kuku wa mamake.

Baada ya hapo pakawa kimya. Wiki 9 zikapita. Barua-pepe alizotuma hazikujibiwa. Simu ya ofisi ilipokewa na binti mwenye adabu, ambaye kila mara alisema mhusika yumo mkutanoni. Mwishowe kijana alikopa nauli akasafiri bila kuitwa. Hakufika hata ndani ya lango. Bawabu, aliyemkumbuka kwa kuwa alikuwa amemwandikisha katika daftari la wageni mara tatu, alimwonea imani, akamvuta kando na kumnong'oneza: "Ndugu yangu, mwenye kazi hiyo alianza tangu mwezi jana."

Bawabu ndiye aliyemjibu. Mkurugenzi hakumjibu, mkuu wa wafanyakazi hakumjibu, wala karani hakumjibu. Mtu ambaye hakupewa wajibu wowote juu ya jambo hilo ndiye peke yake katika shirika zima aliyetambua kwamba mbele yake amesimama binadamu anayengoja.

Msomaji asinielewe vibaya. Sidai kwamba kijana huyu alidhulumiwa kwa kunyimwa kazi. Nafasi ilikuwa moja, na yamkini aliyeipata alimshinda kwa mbali. Jopo lolote la usaili halina budi kuwarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Hiyo ndiyo kazi yake. Ninacholalamikia mimi ni kile kimya. Nacho huniuma zaidi kinapotoka kwa mashirika ya hisani kuliko kinapotoka kwa mfanyabiashara wa saruji, kwa sababu mfanyabiashara wa saruji hajapata kuniambia kwamba yumo duniani kutetea heshima ya mnyonge. Shirika lililobandika neno "utu" ukutani mwa chumba cha wageni lina deni ambalo muuza saruji hana.

Vijana wetu, nao, hawakuyakimbilia mashirika haya bure bilashi. Walimu wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba zamani aliyehitimu chuo cha ualimu alikuwa na hakika ya kupangiwa shule. Mnamo 1998 serikali ilisitisha utaratibu huo wa kuajiri moja kwa moja, na tangu hapo mwalimu mpya hana budi kungojea nafasi itangazwe, agombee kama wengine, na aghalabu angoje miaka. Katika kipindi hicho hicho, mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo sheria ya kuyaratibu ilikuwa imepitishwa 1990, yalizidi kuchipuka. Yalikuwa na magari, yalikuwa na warsha, na yalilipa kwa wakati. Si ajabu kwamba mzazi aliyekuwa akiomba mwanawe awe mwalimu au karani wa wilaya alianza kuomba awe "afisa wa mradi", hata kama hakujua mradi wenyewe unahusu nini.

Kisha neema ikapungua. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Hapa kwetu, miradi mingi ya afya, hasa ya Ukimwi, ilitikisika. Wauguzi, washauri nasaha, madereva na maafisa wa takwimu walirudishwa nyumbani. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 24 anapoketi kwenye benchi akingojea kusailiwa, kando yake huketi mtu mwenye umri wa babake, aliyesimamia miradi kwa miaka 15, na wote wawili wanaikodolea macho nafasi moja ya mkataba wa mwaka mmoja. Ikiwa kimya kiliumiza wakati kazi zilikuwapo, leo kinaumiza maradufu.

Tangu Jumamosi ile nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa zamani, pamoja na walimu niliofanya kazi nao, yaliyowakuta katika mahojiano ya mashirika haya. Nilidhani nitapata masimulizi mawili matatu. Nimepata mengi kuliko ukurasa huu unavyoweza kuyabeba.

Karibu wote walinitajia benchi. Watu wanane huitwa saa mbili asubuhi, wote wanane saa mbili hiyo hiyo, ilhali jopo linajua fika kwamba halitamwona wa nane kabla ya saa tisa alasiri. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alimwacha mtoto kwa nduguye nje ya lango, akawa anatoka na kuingia, akihofia kila mara kwamba jina lake litaitwa akiwa nje. Aliingia mbele ya jopo blauzi ikiwa imelowa maziwa. Aliniambia kwamba hakumbuki hata swali moja aliloulizwa siku hiyo. Lau angaliambiwa aje saa saba, pengine angalikumbuka.

Siku hizi, tangu ugonjwa wa korona ulipozuka 2020, mashirika mengine huwasaili watu kwa njia ya video. Hilo limepunguza nauli, nami nalisifu. Lakini mwalimu mmoja wa kule Mumias alinisimulia jinsi umeme ulivyokatika alipokuwa katikati ya jibu la swali la pili. Aliporejea kwa simu ya mkononi nusu saa baadaye, jopo lilikuwa limekwisha kuingia kwa mwombaji mwingine, na hakuna aliyemtafuta tena. Yaliandikwa nini mbele ya jina lake? Huenda yaliandikwa kwamba alijiondoa.

Kuna pia mtihani wa nyumbani. Binti mmoja aliagizwa aandike pendekezo zima la mradi wa maji katika kaunti kame, lenye malengo, bajeti na ratiba ya miaka 3. Alikesha siku nne. Hakuajiriwa, wala hakupata hata neno la shukrani. Baadaye aliona katika kijitabu cha shirika lile mradi uliofanana sana na wake. Nilimwambia kwamba hana ushahidi, na kwamba visima vyote duniani huchimbwa kuelekea chini, mawazo hufanana. Alicheka, lakini cheko lake halikunipendeza. Jopo linalotaka kujua kama mtu anaweza kuandika pendekezo la mradi linaweza kumpa kurasa mbili na saa mbili, likamtazama akiandika. Kumwagiza mtu asiye na kazi afanye kazi ya mwezi mzima bila malipo, eti kumpima, ni jambo ambalo mashirika yenyewe yangelikemea vikali kama lingefanywa na mwenye shamba la majani chai.

Nimekuja kwenye maswali. Mengi ni yale ya kawaida: tueleze habari zako, udhaifu wako ni upi, kwa nini tukuchague wewe. Kuna lile la mshahara unaoutarajia, ambalo huulizwa na watu waliokwisha kukadiria mshahara huo hadi shilingi ya mwisho katika bajeti waliyompelekea mfadhili, na ambao wangeweza kuutaja kwenye tangazo. Kijana akitaja kiasi kikubwa, ametemwa. Akitaja kidogo, atakuwa amejidhulumu mwenyewe kwa miaka yote ya mkataba. Hilo ni bahati nasibu tu, na si kipimo cha akili.

Maswali mengine yanavuka mpaka. Wanawake watatu kati ya niliozungumza nao waliulizwa iwapo wameolewa na iwapo wanatarajia kupata mtoto hivi karibuni. Mmoja aliulizwa na mwanamke mwenzake, katika shirika la kutetea wasichana! Kijana mwingine, baada ya mwenyekiti wa jopo kusoma jina lake la mwisho, aliulizwa, "Hivi nyinyi ni watu wa wapi hasa?" Alitaja mtaa aliozaliwa Nakuru. Mwenyekiti akasema, "La, namaanisha kwenu." Wakenya sote twajua swali hilo humaanisha nini.

Walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wafahamu kwamba jambo hili halikuachwa kwenye hiari ya jopo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na vilevile anayetarajia kuwa mfanyakazi, kwa misingi ya jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito, hali yake ya Ukimwi na mengineyo. Anayetarajia kuajiriwa ametajwa waziwazi; ulinzi wa sheria humfikia angali kwenye benchi. Sheria hiyo hiyo ilirekebishwa 2022 ili mwajiri asimtake mwombaji alete vyeti vya kuthibitisha usafi wake, kama vile vya kodi, vya mkopo wa elimu na vya tabia njema, ila anaponuia kuandikiana naye mkataba wa kazi. Hata hivyo, ningali naona matangazo yanayodai vyeti vyote hivyo pamoja na barua ya maombi, kana kwamba asiye na kazi ana mahali pa kuchota ada za vyeti.

Pana jambo jingine ambalo, kama mwalimu wa Kiswahili, siwezi kulipita. Usaili karibu wote huendeshwa kwa Kiingereza kuanzia salamu hadi kwaheri. Sina ugomvi na Kiingereza. Ripoti za wafadhili huandikwa kwa lugha hiyo, na afisa asiyeimudu hatafika mbali. Lakini mradi wenyewe uko Kwale, au Samburu, au hapa kwetu Butere, na atakayeutekeleza ataketi chini ya mti na wazee, ataketi jikoni na kina mama, atamsihi mzazi asimwoze binti yake wa darasa la saba. Atazungumza nao kwa lugha gani? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mwalimu mmoja alinisimulia juu ya shirika dogo lililowasaili waombaji kwa Kiingereza kwa robo saa, kisha mama mmoja wa jopo akabadilisha lugha ghafla na kusema: "Sasa mimi ni mzazi. Nina mtoto kiziwi, nimemficha nyumbani. Nishawishi nimpeleke shule." Wenye shahada mbili walitokwa na jasho. Aliyeipata kazi alikuwa mwenye stashahada, aliyevuta kiti karibu na mama yule na kuanza kwa kumuuliza jina la mtoto. Msimulizi wangu alikuwa mmoja wa walioshindwa, lakini husema mpaka leo kwamba ule ulikuwa usaili wa haki kuliko wote aliowahi kufanyiwa. Na shirika hilo, licha ya udogo wake, liliwaandikia wote walioshindwa katika muda wa siku 5, likamweleza kila mmoja mahali alipopungukiwa, na likawarejeshea nauli walioleta risiti. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haiwezekani.

Nijuavyo mimi, utetezi mkubwa wa mashirika ni wingi wa maombi. Husema: nafasi moja huletewa barua mamia kwa mamia, tutazijibuje? Naukubali utetezi huo kwa wale waliotuma karatasi tu. Tangazo likisema kwamba watakaopata majibu ni wale walioteuliwa kusailiwa pekee, mwombaji ameonywa, naye akikosa kuitwa ameelewa. Lakini hao walioteuliwa hawafiki mamia. Wao ni 5, ni 6, wakizidi sana 10. Mmewaona kwa macho. Mmewatoa makwao, mmekula saa zao, mmewauliza udhaifu wao nao wakawaambia. Barua ya mistari 4 kwa watu 6 ni kazi ya nusu saa.

Sababu ya kweli ya kimya, kwa maoni yangu, hupatikana kwingine. Mara nyingine kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Kanuni za mfadhili hudai nafasi itangazwe na ishindaniwe, na shirika tayari lina mtu wake aliyejitolea mwaka mzima, au mpwa wa fulani, au mfanyakazi wa mradi uliokwisha. Basi hutangazwa, huitwa watu wa kujaza benchi, hutiwa alama, na faili hufungwa ikiwa imekamilika. Aliyetumika kujaza benchi ni vigumu kumwandikia barua, kwa maana utamwambia nini? Mara nyingine ni haya tu. Binadamu huona uzito kumpa mwenziwe habari mbaya, na katika desturi zetu za upole tumezoea kusema "tutaona" badala ya "hapana". Upole huo ukimpata mtu anayelala kwa binamu yake Kawangware humgharimu pesa.

Nayasema haya si kama mtakatifu. Mnamo 2009 nilikuwa katibu wa kamati ya shirika dogo lililosambaza vitabu vya hadithi katika shule za vijijini. Tulitaka kuajiri mratibu mmoja, tukawaita watu wanne. Mmoja wao alikuwa msichana aliyetoka Lodwar. Enzi hizo barabara ya Lodwar hadi Kitale ilikuwa ya mashimo matupu, na safari hiyo ilimchukua siku mbili. Alijibu maswali yetu vizuri kuliko wenzake wote watatu. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kuafikiana moyoni juu ya kijana mmoja aliyetusaidia kupanga vitabu kwa miezi mingi bila malipo, na tukampa yeye kazi. Sioni kwamba tulikosea sana katika hilo; kijana alistahili fadhila. Mwenyekiti aliwaambia waliosalia, "Katibu atawaandikia." Katibu alikuwa mimi. Juma lililofuata niliitwa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, nikaondoka, na zile barua tatu zilibaki mtotoni mwa meza hadi nilipozisahau kabisa.

Miaka 7 baadaye, katika semina ya walimu wa Kiswahili mjini Eldoret, mwanamke mmoja alinijia wakati wa chai, akanisalimu kwa heshima na kuniuliza kama namkumbuka. Sikumkumbuka. Akanikumbusha. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba baada ya usaili wetu alikuwa ameahidiwa kazi katika shule moja ya kibinafsi kule Kitale, akaikataa kwa kuwa alikuwa akingoja barua yetu. Alingoja muhula mzima. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyoweza kuyapata. Alicheka, akaninunulia soda, akaniambia kwamba mambo yalikuwa yamemnyookea. Ni kweli yalikuwa yamemnyookea. Lakini muhula ule ulikuwa wake, nami niliutumia bila ruhusa yake kwa sababu ya uvivu wa kuandika mistari minne.

Kwa hiyo ninaposema kwamba jambo hili ni jepesi kurekebishwa, nasema nikijua jinsi lilivyo jepesi kuachwa. Haitoshi kusema "tutawajibu". Anatakiwa mtu mmoja mwenye jina na siku moja yenye tarehe, na mwombaji aambiwe yote mawili kabla hajatoka chumbani. Tume ya Utumishi wa Umma, pamoja na lawama zote tunazoitupia, huchapisha majina ya walioteuliwa kusailiwa ili kila mtu aone. Mnamo 2021 tuliketi majumbani tukitazama kwenye televisheni waliotaka kuwa Jaji Mkuu wakisailiwa hadharani, hadi Bi. Martha Koome alipoteuliwa. Simtaki mkurugenzi wa shirika la vitabu aite televisheni. Namtaka atume barua.

Kadhalika namtaka atunze karatasi za watu. Mwaka jana nilinunua njugu kwenye kituo cha mabasi, na nilipoifungua ile karatasi zilimofungwa nikakuta ni nusu ya wasifu wa mtu: jina, nambari ya kitambulisho, matokeo ya mtihani, na simu za watu watatu wa kumdhamini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, inayomtaka mwenye kuhifadhi habari za mtu azilinde na asizikawize kuliko inavyohitajika. Niliichoma karatasi ile, njugu nikampa mtoto wa jirani.

Nawageukia walimu wenzangu. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili tunawafunza wanafunzi kuandika barua ya kuomba kazi, wasifu, na hata mahojiano. Tunawafunza mahali pa kuweka anwani, na kwamba majina ya wazungumzaji hufuatwa na nukta mbili. Ni mafunzo mema. Lakini angalia mahojiano tunayowaandikisha: upande mmoja huuliza tangu mwanzo hadi mwisho, na upande wa pili hujibu na kushukuru. Baada ya miaka minne ya zoezi hilo, kijana akifika mbele ya jopo na kuulizwa mwishoni, "Je, una swali lolote?", husema, "La, asanteni." Nilimuuliza yule mgeni wangu wa Jumamosi kama aliulizwa hivyo. Alisema aliulizwa mara zote tatu, na mara zote tatu alishukuru tu. Aliogopa kuonekana mjuvi. Mimi ndiye niliyemfunza adabu hiyo.

Basi tuliketi barazani, nikawa jopo, yeye akawa yeye. Tulifanya zoezi hadi mchana, mpaka swali likamtoka bila kutetemeka. Mamake alipopiga simu kuuliza yuko wapi, nilimwambia yuko shuleni.

Alhamisi iliyopita aliitwa na shirika jingine, safari hii mjini Kisumu, mwendo wa saa chache tu kwa matatu. Alinipigia simu jioni. Hakusema lolote juu ya mtihani wala juu ya maswali. Alisema kwamba walipomuuliza kama ana swali aliwatazama, akasema, "Ndiyo. Mtanijibu lini, na ni nani atakayenijibu?" Wanajopo walitazamana. Kisha mwenyekiti akafungua shajara yake, akapekua kurasa, akamtajia jina lake mwenyewe na tarehe 14.

Ninapoandika haya, tarehe 14 bado haijafika.